Bata mzinga mzima wa sikukuu: pima joto la nyama kwanza, sifa zitakuja zenyewe



Kila Desemba swali hili hurudi: "Dokta, nataka kumuoka bata mzinga mzima siku ya Krismasi, nifanyeje?" Wengine huuliza kwa ajili ya Mwaka Mpya au harusi, na baadhi kwa ajili ya Idi. Nafurahi kulisikia, maana linaonyesha kwamba ndege huyu anaanza kuonekana kuwa chakula. Kwa muda mrefu amefugwa kama pambo la ua na mlinzi wa kufukuza wageni.

Jibu langu halitamfurahisha kila mtu, kwa hiyo nalisema mapema. Muoke mzima ikiwa una vitu vitatu: ndege mdogo kiasi, oveni au tanuri linalomtosha, na kipimajoto cha nyama. Ukikosa hata kimoja, mkate vipande. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni wageni ishirini kuharisha usiku wa sikukuu, huku zahanati ya kijiji ikiwa na mhudumu mmoja au haina kabisa.

Nieleze sababu zangu, kisha nitakupa utaratibu.

"Mbona wazee wetu walikula bila kipimajoto?"

Hii ndiyo hoja ninayokutana nayo zaidi, na ni hoja nzuri. Inahitaji jibu la kueleweka.

Wazee wetu walimkata ndege vipande na kumchemsha. Kila kipande kilizama kwenye maji yanayotokota kwa saa nzima au zaidi. Nyama ya ndege huwa salama inapofikia nyuzi joto 74 za Selsiasi katikati yake, kwa sababu hapo vimelea kama salmonela na kampilobakta hufa. Maji yanayotokota yana joto kubwa kuliko hilo, na kipande kidogo hupata joto hadi ndani upesi. Kwa hiyo wazee walikuwa na kipimajoto chao: ni sufuria inayotokota. Ukiona mapovu, umeshajua joto.

Ndege mzima ndani ya oveni ni jambo jingine. Hewa ya moto hupeleka joto polepole kuliko maji. Kidari kiko juu na hukauka mapema. Paja limebanwa na mwili, lina mfupa mnene, nalo huiva mwisho kabisa. Ngozi inaweza kuwa ya kahawia na kunukia hadi kwa jirani, huku nyama ya kwenye maungio ya paja ikiwa bado mbichi. Rangi ya ngozi inakuambia habari za ngozi tu.

Wengi hutoboa paja na kuangalia kama maji yanayotoka ni meupe. Kwa kuku mdogo dalili hiyo husaidia kiasi. Kwa bata mzinga wa kilo sita haitoshi, kwa sababu maji yanaweza kuwa meupe mahali ulipotoboa na nyama ikawa mbichi sentimita tatu pembeni. Njia ya kupika ikiwa mpya, na chombo cha kuihakiki nacho kiwe kipya.

Anza kwa kuchagua ndege

Makosa mengi hufanyika kabla moto haujawashwa.

*Uzito.* Kwa kuoka mzima, tafuta jike au dume mchanga ambaye akishachinjwa na kusafishwa anabaki na kilo 4 hadi 6. Dume mkubwa wa kilo 10 ni fahari machoni, lakini haingii katika oveni nyingi za umeme zinazouzwa madukani kwetu, zile za kuweka juu ya meza. Pima oveni yako kwa rula kabla hujamnunua ndege. Ndege asiguse kuta wala nondo za moto za juu. Akigusa, ataungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili.

*Umri.* Anayefaa kuoka ni wa miezi mitano hadi saba. Yule dume mzee aliyezalisha misimu miwili mitatu ana nyama ngumu, na oveni haitamlainisha. Huyo ni wa kuchemsha, tena kwa subira. Kumbuka pia kwamba tuko juu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji huchemka kwa nyuzi joto 95 na si 100 kama pwani. Joto hilo linatosha kuua vimelea, lakini nyama ngumu huchukua muda mrefu zaidi kulainika. Shangazi yako wa Dar es Salaam akikuambia saa moja na nusu, wewe ongeza.

*Afya.* Hapa naomba tusikilizane vizuri. Usimchinje ndege kwa sababu anaumwa. Ndege anayesinzia, aliyeshusha mbawa, anayehara kijani au njano, au anayetoa kamasi, asiingie jikoni. Kuna tabia ya kuwachinja haraka ndege wanapoanza kufa kwa mdondo, "ili hasara isiwe kubwa." Unaposafisha ndege wa namna hiyo, damu, manyoya na matumbo yake husambaza ugonjwa kwa kuku wako wengine na wa jirani, na hasara inakuwa kubwa zaidi. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Waliokufa wachome au wafukie kwenye shimo refu.

*Dawa.* Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Mfugaji anakaribia kuuza, ndege wanakohoa, anawawekea antibaotiki kwenye maji leo na keshokutwa anawapeleka mnadani. Kila dawa ya namna hiyo ina muda wa kusubiri kabla ya nyama kuliwa, nao umeandikwa kwenye lebo au kipeperushi chake. Dawa tofauti zina muda tofauti, kwa hiyo usikadirie. Soma, hesabu siku na ziandike kwenye daftari. Nawe mnunuzi una haki ya kuuliza: "Huyu amepewa dawa gani, na lini?" Muuzaji akichukia swali hilo, nenda kwa mwingine.

Kuchinja na kusafisha

Mnyime chakula kwa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, ila maji aendelee kunywa. Utumbo ukiwa mtupu, kazi ya kusafisha inakuwa rahisi na nyama haichafuki.

Kwetu huku wageni wa sikukuu ni mchanganyiko. Mwenyeji anaweza kuwa Mkatoliki au Mwanglikana na jirani yake akawa Muislamu. Ni utamaduni mzuri wa Kitanzania kumpa Muislamu achinje, ili kila aliyekaribishwa ale kwa amani. Mwombe mapema, maana siku ya sikukuu huwa anaitwa nyumba nyingi.

Kunyonyoa, tumia maji ya moto ambayo hayajachemka. Yakitokota, ngozi hupasuka, na bata mzinga wa kuoka anahitaji ngozi nzima ili asikauke. Fanya kazi hii nje, mbali na mboga, kachumbari na vyombo vya kulia. Toa utumbo bila kuupasua. Ukimsuuza, fanya hivyo hapo hapo nje, kwa maji safi na taratibu. Ukishamleta jikoni usimwoshe tena, kwa sababu matone hurukia matunda na sahani, na vimelea husafiri nayo. Nawa mikono kwa sabuni. Kisu na kibao cha nyama mbichi kisikate nyanya.

Usimpeleke motoni mara tu baada ya kuchinja. Misuli hukakamaa na nyama huwa ngumu. Mwenye friji amchinje siku moja kabla, ampake chumvi na kumwacha humo hadi kesho. Asiye na friji asimlaze ndege usiku kucha kwenye kabati akitegemea baridi ya Kibondo. Usiku wetu una baridi ya kuvaa sweta, lakini si ya kuhifadhi nyama. Nunua barafu dukani, mfunge ndege kwenye mfuko safi, mzamishe kwenye ndoo ya maji na barafu, na uongeze barafu inapoyeyuka. Mchinje asubuhi mapema ili mlo uwe jioni.

Kwa anayeletewa ndege wa barafu kutoka mjini: asisafiri ndani ya kiroba juu ya basi la kutwa. Awe ndani ya boksi la kuhifadhi baridi. Kumyeyusha kwenye friji huchukua takriban siku nzima kwa kila kilo mbili, kwa hiyo ndege wa kilo sita anahitaji siku tatu. Kumwacha mezani ayeyuke ni hatari, kwani nje inaanza kuharibika wakati ndani bado ni jiwe.

Utaratibu wa kuoka

1. Pima chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya ndege. Paka nje na ndani, ukiweza siku moja kabla. Changanya na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga.

2. Usimjaze wali, mkate wala viazi tumboni. Vitu hivyo hunyonya maji mabichi ya nyama na huchelewa kupata joto. Weka kitunguu kimoja na limau vya kuleta harufu tu. Wali upikwe kwenye sufuria yake.

3. Washa oveni mapema hadi ifike nyuzi joto 165. Chini ya hapo usishuke.

4. Mpake mafuta. Sisi wa Kigoma tuna mawese, na sioni sababu ya kutafuta siagi ya mbali. Mawese yanampa rangi nzuri na ladha ya kwetu. Weka vikombe viwili vya maji kwenye trei ili mafuta yanayodondoka yasiungue.

5. Kwa joto hilo, ndege wa kilo 4 hadi 5.5 huchukua karibu saa tatu. Wa kilo 5.5 hadi 6.5 huchukua saa tatu hadi tatu na dakika 45. Huu ni mwongozo wa kujipangia siku yako. Hauchukui nafasi ya kupima.

6. Kidari kikishapata rangi, kifunike kwa karatasi ya foili ili kisikauke wakati paja linaendelea kuiva.

7. Ukitaka asali, na asali ya Kibondo inajulikana, ipake dakika 20 za mwisho. Ukiipaka mapema itaungua na kuwa chungu.

8. Pima. Choma kipimajoto kwenye sehemu nene ya paja karibu na maungio bila kugusa mfupa, kisha kwenye sehemu nene ya kidari. Pote pafike nyuzi 74. Kama pamoja hapajafika, rudisha ndani dakika 20 na upime tena.

9. Mtoe, mwache atulie dakika 20 hadi 30 kabla ya kukata. Maji ya nyama hurudi ndani, na kisu hakitayamwaga yote mezani.

Kuhusu kipimajoto chenyewe: kile cha sindano cha nyama kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya jikoni katika miji mikubwa, na anayesafiri kwenda Kigoma mjini au Mwanza anaweza kuagizwa. Kihakiki kabla ya kukitumia. Kwenye maji yaliyojaa barafu kisome karibu na 0. Kwenye maji yanayotokota hapa Kibondo kitasoma karibu na 95, usidhani kimeharibika. Kile cha kupimia homa ya mtoto hakifai kwa kazi hii.

Kama huna oveni

Umeme wa gridi ya Taifa umefika wilaya zetu, lakini nyumba zenye oveni bado ni chache. Zipo njia mbili ninazozipendekeza.

Ya kwanza ni tanuri la mikate. Tanuri la matofali hubaki na joto kwa saa nyingi baada ya mkate kutoka. Zungumza na mwoka mikate wa mtaani, mlipe, na upeleke ndege wako mkate ukishatoka. Mnaweza kwenda familia tatu na ndege watatu kwa moto mmoja. Desemba ni mvua, kuni ni mbichi na mkaa hupanda bei, kwa hiyo moto wa pamoja ni akiba kwa wote na nafuu kwa misitu yetu, ambayo imeshabeba mzigo mkubwa. Joto la tanuri hushuka polepole, kwa hiyo kipimajoto hapa kinahitajika zaidi kuliko kwenye oveni ya umeme.

Ya pili ni sufuria nene yenye makaa chini na juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Hii inafaa kwa vipande. Mkate ndege: mapaja, miguu, mbawa, na kidari pande mbili. Kama huna kipimajoto, chemsha vipande kwanza hadi viive kabisa na nyama ianze kuachia mfupa. Kisha vipake mawese na viungo, uvipalie makaa dakika 20 hadi 30 vipate rangi. Supu yake utapikia wali. Ila usichemshe nusu leo ukamalizie kesho. Nyama iliyoiva nusu ikilala, vimelea huzaliana humo usiku kucha.

Najua utaniambia: "Lakini mgeni apewe ndege mzima, hiyo ndiyo heshima." Nakubaliana na heshima. Ndiyo maana nashauri vipande vipangwe kwenye sinia kubwa, kidari katikati na mapaja pembeni, sinia lipite mbele ya wageni kabla ya kugawa. Mgeni huheshimika kwa chakula alichowekewa na kwa kuamka salama kesho yake.

Mabaki

Sikukuu huwa ndefu, na nyama hukaa mezani kuanzia mchana hadi usiku huku watu wakipita na kudokoa. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili. Igawe, toa mifupa, weka kwenye friji. Kama huna friji, wape majirani wakati bado ina moto, ndio utaratibu wetu tangu zamani. Ukipasha moto kesho yake, ipate moto hadi itokote.

Kwenu wafugaji mnaouza

Sehemu hii ni ya maoni kuliko ya ushauri. Naamini mfugaji wa bata mzinga anapoteza soko lake mwenyewe. Anamuuza ndege Desemba, mnunuzi anakwenda kumuoka vibaya, nyama inakuwa kavu juu na mbichi ndani, na mwakani mnunuzi huyo anarudi kwenye kuku. Kikundi cha wafugaji wa Makere au Mabamba kinaweza kununua vipimajoto viwili kwa fedha za kikundi na kumwazima kila mnunuzi kwa siku moja, pamoja na karatasi ya maelekezo na tarehe ya dawa ya mwisho. Gharama ni ndogo, na mteja aliyekula vizuri atakuletea wengine watatu.

Mpango wenyewe uanze mapema. Mayai ya bata mzinga huatamiwa kwa siku 28. Ukiyalaza katikati ya Juni, vifaranga hutoka katikati ya Julai, na kufikia Krismasi wana wiki 23 hivi, umri mzuri wa kuoka. Wawekee banda lao na uwanja wao, mbali na kuku. Kuku hubeba minyoo yenye vimelea vya ugonjwa wa kichwa cheusi. Wenyewe mara nyingi hawaonyeshi dalili, lakini bata mzinga huharibika ini na hufa kwa wingi. Chanjo ya mdondo nayo ifuate ratiba utakayopewa na afisa mifugo wako, usisubiri hadi jirani yako apoteze kuku.

Kwa hiyo, wewe unayepanga sikukuu ya mwaka huu, fanya mambo matatu wiki hii: pima oveni kwa rula, muulize muuzaji habari za dawa, na tafuta kipimajoto cha kununua au kuazima. Vyote vikipatikana, muoke mzima na ualike watu. Kisipopatikana hata kimoja, noa kisu ukate vipande, na ualike watu vilevile.

Mwenye swali la nyongeza afike ofisi ya ugani ya kata yake siku za kazi. Aje kabla ya tarehe 20, kwa sababu baada ya hapo hata sisi tunakuwa jikoni.